Roboti Iliyopewa Jina la Mwape

Donat Kunda aliiacha roboti juu ya kabati la vyombo ikiwa imekunjwa kuwa mashine ya kuchimba. Akaenda kunawa mikono, na aliporudi na taulo begani akaikuta imesimama. Haikuwa imefunguka ovyo kama kitu kilicholegea. Ilikuwa imesimama wima kwa miguu yake miwili, mikono imeshushwa ubavuni, kichwa kimetoka kifuani kilikokuwa kimefichwa, na uso wake wa plastiki umeelekea mlango wa chumba cha kulala.

“Victorine! Njo weye ulifungula hii kintu?”

Mke wake alikuwa jikoni anasonga bukari. Akachungulia, mikono yote miwili nyeupe. “Mi na hii mikono ya bunga? Angalia muzuri kama iko na bunga juu.”

Haikuwa na unga. Donat akaibonyeza mabega, akaona yanacheza kidogo, akaridhika. Joto la Oktoba na plastiki haviendani, basi. Akaikunja tena, akaketi kula.

Niseme mapema kwamba mimi huyu Donat simpendi, na atakayesoma mpaka mwisho sidhani atampenda. Alikaa Makomeno, nyumba ya cadre, yaani mkubwa wa kampuni, bustani mbele na gereji kando. Ilikuwa miaka ile ambayo sote tuliitwa Citoyen, yaani raia, tai ilikuwa kosa na jina la ubatizo lilifichwa nyumbani kama chupa ya pombe. Kampuni ya shaba ilikuwa na desturi ya kuwapa watoto wa wafanyakazi zawadi kila Desemba. Mwaka ule ililetwa sampuli kutoka Ujapani: sanduku la vipande vya plastiki ambavyo mtoto anavitoa mwenyewe, anaviunganisha, anapata mtu wa chuma wa kuigiza, kisha anamkunja anakuwa mashine. Donat wa ofisi ya manunuzi aliambiwa aende nayo nyumbani, aijenge, aitese kama ambavyo mtoto angeitesa, halafu aieleze tume kama inafaa. Ikikubaliwa, yeye ndiye angesafiri kwenda kuagiza. Alikuwa ameshajiona kwenye ndege, abacost, ile suti isiyo na tai, imepigwa pasi na beji ya chama inang’aa.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, sitamnyima hilo. Alitoa vipande kwenye fremu zake kwa kikatio cha kucha cha Victorine, akakwangua kwa wembe vijinundu vilivyobaki. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na maandishi ya Kijapani matupu, lakini picha zilikuwa na mishale na aliifuata. Vipande viliingiana bila gundi, kwa mlio mdogo mkavu, ka. Alipomaliza aliiangusha sakafuni, akavuta vidole vyake kuona kama mtoto mdogo anaweza kuving’oa akavimeza. Aliikunja na kuikunjua mpaka Victorine akachoka na ule mlio. Rangi ilikuwa nzuri, kingo safi. Magoti ndiyo hakuyaamini.

Ubaya aliufanya baada ya hapo, kabla ya kunawa ile mikono.

Alikuwa na kaka wa tumbo moja, yaya wake kama wanavyosema kule, Mwape, dereva wa mashine ya kuchimba mgodini. Msimu wa mvua uliotangulia ukingo wa udongo ulishuka ghafla ukamfunika ndani ya mashine yake. Walimtoa amekunjika, magoti kifuani, na waliomwandaa kwa mazishi walihangaika kumnyoosha.

Sasa, kwa watu wao, mtu akifa jina lake haliachwi lizurure. Matanga yakiisha, ukoo unakaa. Mmoja wa damu yake anapewa kinywaji, anaitwa kwa jina la marehemu, na tangu siku ile yeye ndiye marehemu aliyerudi nyumbani. Wanaita kupyana. Anayepyana jina amepyana na mzigo wake: watoto, njaa yao, paa lao, na mjane pia kama mjane mwenyewe anataka. Ukoo ulimwelekezea Donat kikombe. Donat akakikataa mbele ya watu wote. Alisema yeye ni cadre, hayo ni mambo ya washamba, na jina lake moja linamtosha.

Jina alilikataa, lakini vitu alivibeba. Alichukua furiji. Alichukua cherehani ambayo Constance, mjane wa Mwape, alikuwa anashonea nguo za watu. Alichukua kitanda cha watoto. Na alichukua mabati, mabati mapya ambayo Mwape alikuwa ameyakusanya kwa ajili ya nyumba yake ya matofali huko Ruashi, akayapiga misumari juu ya gereji yake ili gari lisipate jua. Constance na watoto wakahamia kwenye ile nyumba ya Ruashi isiyo na paa, wakatandaza turubai juu ya kuta. Turubai lenye matobo! Na mvua za Novemba zilikuwa njiani. Kila nikikumbuka hilo damu inanichemka.

Basi roboti ilipokamilika, Donat alifungua bia. Akachovya kidole, akaipaka roboti mdomoni, akakaza sauti kama mama yao mkubwa Nkandu, yule aliyesimamia matanga. Akayasema maneno yote, kama yanavyosemwa.

“Weye sasa njo Mwape. Ikala, kula, chunga nyumba yako.”

Akacheka mpaka machozi. “Victorine, angalia! Yaya wangu amepata mupyani. Tena anaendesha mashine! Ba mama Nkandu bataacha kunisumbua sasa.”

Victorine hakucheka. “Haiko muchezo, Donat. Futa ile bia.”

Hakuifuta. Akaikunja, akaiweka juu ya kabati, akaenda kunawa mikono.

Siku zilizofuata nyumba ilianza kunuka. Harufu yenyewe ilikuwa ya udongo mbichi uliochanganyika na mazuti, mafuta ya mashine, ile inayotoka kwenye ovaroli za watu wa mgodini, na Donat hakuwa amevaa ovaroli maisha yake yote. Victorine alipiga deki kwa sabuni, akafungua madirisha, akatoa mapazia nje. Harufu ilikaa palepale karibu na kabati. Halafu mchana, saa ile ya joto baada ya kula ambapo Makomeno yote hulala na hata mbwa hawabweki, Victorine alianza kusikia ule mlio, ka, ka, ka, taratibu, kama mtu anayenyoosha vidole. Akienda kutazama, roboti haiko pale alipoiacha. Mara iko ukingoni mwa kabati. Mara iko dirishani, imesimama, inatazama gereji. Hapo aliketi kwenye kiti cha jikoni na mwiko mkononi, akashindwa kuinuka.

Donat aliporudi kazini alimvuta pembeni, akanong’ona kana kwamba sebuleni kulikuwa na mgeni.

“Donat, ile kintu inakohoa.”

“Plastiki haikohoe.”

“Inakohoa mara mbili, kidogo. Sawa yaya wako alikuwa anafanya mbele ya kusema. Mi nilipikia Mwape miaka mingi, sitasahau kikohozi yake.”

“Ni viungo. Viungo inalegea.” Donat alikasirika kama watu wanavyokasirika wakiwa wameogopa. “Mi njo natumwa kuangalia makosa yake, na kosa nimeiona. Nipatie verni yako ya kucha.”

Akapaka ile rangi ya kucha kwenye kila kifundo cha bega, akaacha ikauke, akapaka tena, ili kifundo kinenepe na bega likaze. Ni ufundi wa kweli, unafanya kazi. Mabega ya roboti yalikaza kabisa. Na asubuhi yake Donat alishindwa kuinua mikono. Mabega yake yalikuwa yamekaza vilevile, magumu kama yamemwagiwa saruji, na Victorine alimvalisha abacost kama anavyovalishwa mtoto, huku Donat akimtukana kwamba anamuumiza.

Mwenye akili angesimama hapo. Donat akatafuta kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli. Aliikunja roboti kuwa mashine, akaifunga kwa ule mpira mpaka plastiki ikalia, akaitumbukiza kwenye droo na kugeuza ufunguo. “Tutaona,” alisema. Kisha, kwa kuwa ilikuwa Jumapili na bukari lilikuwa zito tumboni, akaenda kujinyoosha kitandani.

Victorine alikuwa uani anaanika nguo aliposikia sauti ambayo kwanza alidhani ni gari linalokataa kuwaka, likiguruma na kukatika, likiguruma na kukatika, akageuka kutazama barabara na barabara ilikuwa tupu, jua limesimama, hakuna hata mtoto wa jirani, na ndipo alipotambua kwamba sauti inatoka dirishani mwa chumba chake mwenyewe, akaiacha shuka idondoke mchangani, akaingia, na ile harufu ya udongo na mazuti ikamkaba kooni kabla hajavuka sebule, akasukuma mlango akamkuta mume wake katikati ya kitanda amekunjika, magoti yamebanwa kifuani, mikono imepinda nyuma kwa namna ambayo mkono wa mtu haupindi, kichwa kimezama katikati ya mabega mpaka masikio hayaonekani, na kutoka humo ndani ya fungu lile la nyama na pijama ndiko mngurumo ulikotoka, na chini ya mngurumo sauti nyembamba ya Donat ikiita, fungula, fungula, fungula.

Hakumgusa. Alikimbilia droo. Ufunguo ulimponyoka, akauokota, akafungua, akakata mpira kwa kisu cha jikoni. Roboti ikajinyoosha kiganjani mwake kiungo kwa kiungo, na kila ilipolia ka, chumbani mfupa ulijibu.

Donat alilala chali akihema, meno yanagongana.

“Nitaichoma,” alisema. “Sasa hivi nitaichoma.”

“Ichome,” Victorine alinong’ona, “tuone weye utakuwa namna gani.”

Donat akatazama mikono yake, akaificha kwapani.

Victorine hakumwomba ruhusa tena. Alivaa viatu, akaenda Kamalondo kwa mama mkubwa Nkandu.

Mama huyu alikuwa na baa yake kwenye mtaa wa washonaji, na watu wa Kamalondo waliiogopa sauti yake kuliko ya afisa wa chama. Alimsikiliza Victorine akiwa anapanga kreti za bia. Ilipofika habari ya kidole na bia, aliacha kupanga.

“Alimupatia jina?”

“Ndiyo, ba mama.”

“Na kinywaji? Na maneno yote?”

“Yote. Akacheka.”

Nkandu alipiga meza ya baa kwa kofi hata wanywaji wakashika chupa zao. “Mi nilimubembeleza mbele ya bantu bote! Na kikombe mu mikono, mi mukubwa namna hii! Akakataa kupyana yaya yake, sasa anapyanika plastiki! Ujinga gani hii?”

“Tufanye nini, ba mama? Anakunjwa. Niliona na macho yangu.”

“Njo vile Mwape alikufa, umesahau?” Nkandu alishusha sauti. “Jina ukishalitoa halifutike. Litahamishwa tu, liende ku damu yake, muntu akubali na muzigo yote. Na umwambie Donat asikubali na kinywa tu. Ku plastiki Mwape anagonga inje. Ku muntu anaingia.”

Walimwendea Constance huko Ruashi. Kwanza hakutaka kuja, na nani angemlaumu? Alikuja kwa sababu Nkandu alimwambia kwamba mume wake hana pa kukaa.

Aliingia Makomeno mchana mweupe, kitenge kimefungwa kwa nguvu kiunoni, akasimama katikati ya sebule. Alitazama furiji, ambayo mlango wake bado ulikuwa na mkwaruzo alioufanya mwanawe Chileshe. Akatazama cherehani iliyowekewa chungu cha maua juu yake. Victorine alimletea kiti. Alikikataa.

“Karibu, mulamu,” Donat alimwambia shemeji yake. Alikuwa amekaa kwa uangalifu, kama mtu mwenye jipu.

“Usiniite mulamu. Mulamu gani analaza batoto ba ndugu yake inje?”

“Tutaongea, mama Chileshe. Haiko na kasirani njo tutapata…”

“Kasirani njo kitu ulituachia! Ingine yote ulibeba!” Sauti yake ilipasuka, na juu ya kabati roboti ikalia ka, ikageuza kichwa kumtazama. Wote waliona. Constance akaziba mdomo. Kikohozi kikatoka kwenye kile kifua cha plastiki, kifupi, mara mbili, na machozi yakamtoka Constance bila yeye kujua. “Baba Chileshe,” alisema chini kabisa. “Njo fasi ulikuwa? Mi nakuita kila siku, kumbe uko mu kintu ya kuchezea?”

Roboti ilibaki imemtazama.

Nkandu hakungoja. Alimimina munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye kikombe, akaishika roboti kwa mkono wa kushoto, kikombe kwa wa kulia, akasimama mbele ya Donat. “Sema ukubali. Jina, na bibi yake kama anapenda, na batoto.”

“Mi sitaki yeye kuwa bwana yangu,” Constance alisema upesi. “Nataka mabati. Nataka bintu ya batoto. Na jina la bwana yangu alichunge, asilitupe tena kama takataka. Ni ile tu.”

Ni ile tu! Mwanamke alikuwa na haki ya kudai hata viatu miguuni mwa Donat, naye aliomba alivyonyang’anywa. Donat alimtazama Nkandu, akatazama roboti, akahisi goti lake linaanza kujikunja lenyewe chini ya suruali. Akakipokea kikombe.

“Nakubali. Mi njo Mwape. Mabati nitaleta posho inakuja.”

Akanywa. Roboti mkononi mwa Nkandu ikalegea yote kwa mara moja, mikono ikaning’inia, kichwa kikaanguka upande, ikawa plastiki tu. Upepo uliingia dirishani na ile harufu ikatoka nyumbani. Donat akainua mikono yake juu, akaishusha, akaiinua tena, akaanza kucheka kwa furaha kama mtu aliyetolewa jino.

“Amekubali,” Nkandu alisema, lakini alimkazia macho. “Na Mwape alisikia.”

Jumamosi, siku ya posho aliyoiahidi, ilifika, mabati hayakwenda. Donat alisema gari lina hitilafu. Kisha alisema yanahitaji fundi wa kuyashusha bila kuyatoboa. Kisha, kwa kuwa mabega yake yalikuwa mazuri na usingizi mtamu, alianza kusema kwamba labda yale yote yalikuwa malaria. Victorine aliposisitiza, alimjibu “nitaangalia,” neno ambalo cadre wa siku zile walilitumia kumzika mtu akiwa hai.

Mvua ya kwanza ilinyesha. Kule Makomeno ililowesha waridi na gari la Donat likakaa kavu chini ya mabati ya watu. Huko Ruashi turubai lilipasuka. Constance aliwasimamisha watoto kwenye kona, mdogo amembeba, wakasubiri ikome.

Baada ya mvua hiyo tume ya zawadi ilikaa, asubuhi, kwenye chumba chenye picha ya kiongozi ukutani. Donat alikuwa amependeza. Aliweka roboti mezani akaeleza usafi wa kingo, uimara wa vidole, namna vipande vinavyoingiana bila gundi. Akaikunja, akaikunjua. Ilifanya kazi kama kitu chochote cha dukani. Wajumbe walitabasamu, mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, na safari ya Ujapani ikawa karibu kiasi cha kuinusa.

Mmoja wao alikuwa Citoyen Mukuka, mzee wa mgodini aliyewahi kufanya kazi zamu moja na Mwape. Aliichukua roboti ikiwa mashine, akaigeuza. “Inafanana na ile ya ndugu yako,” alisema kwa upole. “Pole tena, Citoyen Kunda. Sikupata kuuliza. Nani alimupyana?”

Watu wote walimtazama Donat. Wajumbe wakubwa, wasomi, chini ya ile picha. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Aliona aibu, na aibu yake akaigeuza kicheko.

“Hakuna, Citoyen. Hakuna muntu alimupyana. Ile mambo ya zamani sisi tulishaacha.”

Roboti mkononi mwa Mukuka haikutikisika. Mlio ulitoka kwa Donat. Ka, ikasema shingo yake, na kicheko kikakatika. Ka, yakasema mabega, na karatasi zikamwagika sakafuni. Wajumbe waliona kidevu chake kikizama kifuani, viwiko vikipinda kwenda kusikokuwa kwao, magoti yakipanda na kiti kikisukumwa nyuma, wakaona mtu mzima aliyevaa abacost akijikunja kipande kwa kipande kati ya kiti na meza mpaka akawa fungu lisilo na uso, na harufu ya udongo mbichi na mazuti ikajaa chumba kile chenye zulia, mwenyekiti akashika meza, mwingine akaanza kusema salamu Maria kwa sauti ingawa haikuwa busara kusali hadharani mbele ya picha ile, na kutoka ndani ya fungu sauti ya Donat ikawa inaita kila mtu kwa jina lake, ikiomba msaada, ikipungua, ikienda mbali, kama mtu anayeshushwa kwenye shimo.

Halafu fungu likaanza kukunjuka. Taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua kazi yake. Aliyesimama alikuwa na uso wa Donat na beji ya Donat, lakini alisimama amepanua miguu kama wanavyosimama watu waliozoea kupanda mashine. Akakohoa mara mbili.

“Mukuka,” alisema. “Unazeeka, rafiki.”

Mukuka aliiacha roboti idondoke mezani.

Mwenyekiti, ambaye hofu ilikuwa imemwondolea akili zote isipokuwa ya kazi, alinyoosha kidole kuelekea roboti. “Citoyen… hii kintu… ni muzuri ao mubaya?”

Yule mtu aliitazama bila upendo. “Magoti ni mubaya. Mi nilikala mule, najua.” Akafungua mlango, akatoka.

Alikwenda Makomeno kwa miguu. Victorine alimwona akipita langoni bila kugusa gari, akatazama mwendo wake, na mkono ukamwenda mdomoni. Alielewa. Mume wake alikuwa mbaya, lakini alikuwa wake, na machozi yakamtoka. Kisha akakumbuka alivyomwambia afute ile bia. Alivyomwambia apeleke yale mabati. Hasira ikampanda mpaka ikakausha machozi.

“Yaya?” alinong’ona.

“Mulamu,” alijibiwa kwa heshima. “Nipatie nyundo.”

Alimpa nyundo. Alisimama uani akamtazama akipanda juu ya gereji na kung’oa misumari, na alipoona anahangaika na furiji peke yake, alishika upande wa pili. Chungu cha maua alikiondoa mwenyewe juu ya cherehani. Wakavipakia vyote kwenye mkokoteni, na Victorine akarudi ndani, akafunga mlango.

Huko Ruashi, Constance alikuwa anakamua nguo za watoto zilizolowa. Alisikia mkokoteni, akainua uso, akamwona Donat. Aliokota jiwe. Lakini mtu yule alisimama mbali, kama anayejua kwamba hajakaribishwa, akakohoa mara mbili.

“Mama Chileshe. Batoto balikula?”

Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumuuliza vile kabla ya salamu. Jiwe lilimwanguka. Alimsogelea polepole, akautazama uso ule aliouchukia kuliko nyuso zote, na macho yaliyokuwa ndani yake hakuyachukia. Akanyoosha mkono, akauweka kwenye kifua cha abacost. Moyo ulikuwa unapiga. Na nyuma ya moyo, ndani kabisa, kulikuwa na kitu kingine kinachogonga, ngumi ndogo nyingi za haraka, na sauti nyembamba ya mtu anayelia mahali palipofungwa.

“Nani iko nalia mule?” aliuliza.

“Donat.”

Constance aliacha mkono wake pale. Alisikiliza kwa muda, kama mtu anayesikiliza mvua kuona kama itapungua. Mtoto wake mdogo alikuwa anakohoa ndani ya nyumba, kwenye tope.

“Mwache alie,” alisema. Kisha akamwonyesha aanze kupiga mabati upande ambao watoto wanalala, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika.